Mfupa wa Korongoni

2 Machi

Masika yameanza leo kwa kishindo. Mtaa mzima umegeuka mto, wauza mitumba wamepandisha mabelo juu ya meza, na mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya zipu na vifungo nikisoma habari za samaki aliyekufa kabla binadamu hajawaziwa. Hakuna mteja. Siku kama hii ndiyo niliyokuwa naiomba.

Niandike vizuri, ili nikija kuyasoma haya nikiwa bibi nisijichanganye. Mimi ni Anifa, mtu wa Lindi. Nilisomea jiolojia chuo kikuu, na sasa nauza dukani kwa Mzee Hamood, Kariakoo. Watu hunionea huruma. Waache. Kila mwezi naendesha Duru ya Visukuku: wanablogu wanaoandika kwa Kiswahili juu ya mifupa, majani na konokono waliogeuka mawe hunitumia linki zao, mimi nasoma kila kitu, nachagua, naeleza kila makala kwa maneno machache, kisha naziweka zote pamoja kwenye blogu yangu na kwenye kundi letu la WhatsApp. Walimu wanaisoma. Wanachuo wanainakili kwenye kazi zao bila kunitaja. Kama kuna duru nyingine ya namna hii, sijaiona, na kama ipo basi yangu ni bora.

Mzee Hamood amepita nyuma yangu, akachungulia kompyuta. "Binti, hao wafu wako wananunua zipu?"

"Bado, ami. Ila wana subira kuliko wateja wako."

Amecheka. Mzee huyu ni mgumu kucheka wakati wa mvua.

5 Machi

Mvua. Zipu nyeusi zimeisha.

9 Machi

Leo nimepiga kelele dukani mpaka jirani wa vitambaa amekuja kuuliza nani kafa.

Ni makala ya Mwalimu Beno. Anafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja huko kwetu Lindi, si mbali na alikozaliwa mama yangu, na huandika kwa simu akiwa amesimama juu ya kichuguu, kwa sababu hapo ndipo mtandao unapopatikana. Kwa kawaida hutuma aya mbili juu ya maganda ya kome. Leo ametuma hivi:

"Mvua ya juzi imekata ukingo wa korongo nyuma ya shule. Watoto walinikuta ofisini wakasema, Mwalimu, mguu wa tembo umetoka ardhini. Nikaenda. Si wa tembo. Tembo hana paja la kunifika kifuani, tena nusu yake ikiwa bado imezikwa."

Picha nne. Mfupa wa paja wa mjusi mkubwa, dinosaria wa shingo ndefu, ndugu wa yule wa Tendaguru aliyepelekwa Berlin enzi za Wajerumani. Rangi ya chai ya maziwa. Mshipa wa jiwe jeupe umeukata kwa mshazari, ukapinda mwishoni kama ndoana. Nimeikuza picha mpaka macho yameuma.

Nimempigia. Kelele za watoto zilikuwa nyingi kuliko sauti yake. "Anifa, nimeshaandikia ofisi ya mambo ya kale. Wamesema watakuja barabara ikikauka. Wewe uitangaze, lakini mahali usipataje."

"Sitataja, Mwalimu."

"Watoto wameuwekea uzio wa miba," akasema, na nikasikia anavyojivuna nao.

14 Machi

Nimekunywa chai na Bwana Abdulmalik kwenye mgahawa wa Msimbazi. Huyu ndiye mwandishi maridadi kuliko wote kwenye Duru. Ana biashara ya kusafirisha mizigo nje, ana kamera ya bei mbaya, na makala yake juu ya nyayo za Laetoli ilimliza mama mmoja wa Morogoro, mwenyewe alituandikia kutuambia. Hunena Kiswahili kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi. Huniita "mwanasayansi wangu", na lazima nikiri kwamba sichukii.

"Picha za Mwalimu Beno zina ukweli," alisema, "ila hazina nuru. Mfupa kama ule unastahili kamera. Niende nikaupige, tumpe Mwalimu zawadi."

Nikaona ni wazo zuri. Nikampa namba ya Beno. Akauliza barabara ikoje, nikamwambia yote: njia panda ya kuacha lami, daraja la magogo, mahali pa kugeukia ukifika kwenye msikiti wa bati jekundu. Nilieleza kwa raha ya mtu anayeeleza kwao.

21 Machi

Mvua. Makala tano zimeingia. Mbili mbaya.

29 Machi

Duru imetoka! Beno juu kabisa, kama inavyostahili. Chini yake Shukuru wa Buguruni, fundi wa pikipiki anayepiga picha matumbawe ya kale ndani ya mawe ya kuta za majumba ya zamani hapa mjini. Anaandika kihuni: "Masela, mnaegemea ukuta mnapiga stori, kumbe mmeegemea bahari." Nilitaka kumsahihisha, nikaacha.

Simu haijanyamaza tangu asubuhi. Mhadhiri mmoja ameisambaza kwa wanafunzi wake wote. Mahali sikupataja.

6 Aprili

Jangwani kumefurika tena. Mabasi hayapiti. Tumefunga duka mapema. Mzee Hamood amebeba viatu vyake mkononi kama mtoto.

11 Aprili

Beno amepiga asubuhi, nikiwa bado napanga vifungo. Hakuitikia hata salamu.

"Wameuchukua."

"Nani? Nini?"

"Mfupa, Anifa. Tulikuwa msibani kijiji cha pili, shule nzima. Tumerudi leo, uzio umetupwa pembeni, pamechimbwa kwa sururu. Wamevunja, wamepakia, wameondoka. Alama za gari zipo mpaka barabarani. Kimebaki kipande kimoja kama tofali na vumbi." Nyuma yake sikusikia mtoto hata mmoja. "Nilikwambia usipataje."

"Sikupataja, Mwalimu. Soma mwenyewe."

"Basi uliambia mtu."

Nilitaka kusema hapana. Bwana Abdulmalik alikuja akilini, nikamfukuza. Mtu aliyemliza mama wa Morogoro!

"Yule mpiga picha niliyempa namba yako alikuja?" niliuliza.

"Hakuja mtu yeyote. Huyo alinipigia mara moja, akasema atakuja barabara ikikauka."

Nikapumua. Aliahirisha, basi si yeye. Beno akakata simu, na kabla sijamaliza chai akawa amejitoa kwenye kundi.

Mchana kundi limewaka moto. Wapo waliosema Mwalimu kauza mwenyewe, njaa haina elimu. Nimewajibu kwa maneno ambayo mama asingependa. Bwana Abdulmalik ameandika aya tatu nzuri sana juu ya taifa linaloibiwa kumbukumbu zake. Watu wamempigia makofi. Na mimi nimepiga.

13 Aprili

Nimegundua kwamba Shukuru alikuwa Lindi wiki ile ile. Ameandika mwenyewe, "Nimetoka kusini, barabara imenichosha." Nimemuuliza mbele ya kundi zima alifuata nini. Akajibu: "Kuzika." Nimemuuliza kumzika nani. Hakujibu.

Fundi wa pikipiki, anajua magari, anajua wauza vyuma chakavu, anajua njia. Nimemtoa kwenye kundi. Nilijiona hodari.

18 Aprili

Mvua. Nimeota mifupa.

26 Aprili

Duru imetoka nyembamba kama uji wa hospitali. Hakuna Beno, hakuna Shukuru. Waliobaki wanaandika kwa woga, hakuna anayetaka kusema ameona nini wala wapi. Makala bora ni ya Bwana Abdulmalik, na nilipoisoma mara ya pili nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: hakuna mtu ndani yake. Hakuna mtoto, hakuna tope, hakuna mchimbaji. Ni mawe tu, na nuru.

2 Mei

Naandika sasa hivi, hapa dukani, kabla sijaanza kujidanganya.

Bwana Abdulmalik amekuja saa nne asubuhi na keki kwenye boksi. Amemwamkia Mzee Hamood kwa Kiarabu safi. Kisha akaegemea kaunta yangu na kusema amefikiria mustakabali wa Duru. Anataka kuidhamini: tovuti yake yenyewe, kompyuta mpya, na kitabu kila mwaka, karatasi nzuri, jina langu kwenye jalada kama mhariri. Nimekiona hicho kitabu, wallahi, nimekiona kimesimama dirishani.

"Kuna jambo dogo tu," akasema. "Nina mzigo wa mawe ya mapambo, unakwenda nje. Watu wa forodha wanasumbua siku hizi. Wewe ni mjiolojia. Uniandikie maelezo mafupi kwamba ni mawe ya kawaida, uweke sahihi."

"Mawe gani?"

Akanionyesha picha kwenye simu, haraka, kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake kwa mgeni. Vipande vitatu juu ya turubai la bluu. Rangi ya chai ya maziwa. Na kwenye kipande cha kati, mshipa mweupe wa mshazari, umepinda mwishoni kama ndoana.

Nashukuru miaka yangu ya kaunta. Mteja akikuambia zipu ya mwenzako ni rahisi zaidi, uso wako unajifunza kukaa kimya.

"Siwezi kuandika kwa picha," nikamwambia. "Sahihi yangu ina heshima yake. Lazima niyaone, niyashike."

Akatabasamu. "Ndiyo maana nakupenda, mwanasayansi wangu. Jumatatu, godauni la Gerezani."

Alipoondoka Mzee Hamood alikuwa ananitazama. "Umekuwa mweupe kama pamba. Kakutukana?"

Nikamweleza yote, pamoja na msikiti wa bati jekundu. Hakunilaumu. Alilisukuma boksi la keki kwa fimbo yake mpaka ukingoni mwa kaunta, likaanguka kwenye ndoo ya taka. "Nimefanya biashara miaka mingi," akasema. "Nimeuza vibaya, nimenunua vibaya. Cha kuiba kwa watoto wa shule sijauza. Kesho usije kazini. Nenda ukafanye linalokupasa."

3 Mei

Asubuhi: ofisi ya mambo ya kale. Nilikutana na Angelina, ofisa mwenye sauti ndogo na macho makali. Nilimwonyesha picha za Beno, nikamchorea mshipa nilioona. Hakuniuliza mimi ni nani. Aliuliza tu, "Jumatatu saa ngapi?" kisha akanyanyua simu kuwaita polisi.

Alasiri: Buguruni. Hii ndiyo ilikuwa ngumu.

Shukuru alikuwa amelala chini ya bodaboda, miguu tu inaonekana. Nikasema, "Mambo, Shukuru." Miguu ikasogea ndani zaidi. Nikasema, "Nimekuja kukuomba radhi."

Akatoka taratibu, mikono myeusi kwa grisi. "Dada Anifa. Umenitoa kundini kama mtu anavyotoa kokoto kwenye mchele."

"Ulikwenda kumzika nani?"

"Mdogo wangu. Wa mwisho."

Nimesimama pale kwenye tope. Watu wanapita, honi zinalia. Mimi, msemaji mkubwa, nikampa pole ile ya kawaida tu, kwa mkono, na nikamwomba anisamehe. Akaushika mkono wangu bila kuufuta wake kwanza. Nikarudi Kariakoo na grisi kiganjani.

"Yule mtu wa mashati mazuri," akasema nilipomweleza. "Nilijua. Anapiga picha vitu kama anavipigia bei." Kisha: "Jumatatu huendi peke yako. Utasema mimi ni fundi wa kufungasha. Si nina misumari?"

6 Mei

Nimelifanya.

Mvua ilikuwa nyepesi. Angelina na polisi wawili waliovaa kiraia walikaa kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, wakinywa supu kama watu wasio na haraka. Mimi na Shukuru tulipita mlango wa bati. Bwana Abdulmalik alimtazama Shukuru mara moja tu. Hajawahi kumwona uso kwa uso, na fundi kwake ni fundi.

Masanduku matatu ya mbao, maranda ya seremala ndani. Akafunua la kwanza.

Nimesoma juu ya mifupa hii nusu ya maisha yangu. Sikuwa nimewahi kuigusa. Ni baridi, na nzito kuliko inavyoonekana, na ukipitisha kidole unahisi matundu madogo madogo palipopita damu. Nikainama nikaulamba.

"Unafanya nini?" Abdulmalik akacheka.

"Ndivyo tunavyopima. Jiwe la kawaida halishiki ulimi. Mfupa wa kale una vitundu, unanyonya mate, unanata." Ulimi wangu ulikuwa umenata. "Huu ni mfupa, Bwana Abdulmalik. Paja la mjusi, miaka milioni mia na hamsini. Na unajua ulipotoka, kwa sababu njia nilikuelekeza mimi."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniudhi. Alifunga kifungo cha shati lake taratibu. "Anifa, tuwe watu wazima. Ungeoza kwenye korongo lile. Mvua mbili tatu ungekuwa mchanga. Mimi nauokoa. Huko unakoenda watauweka kwenye kioo, watausoma, watautunza. Mwalimu wako angeufanyia nini? Angewafundishia watoto wa darasa la nne?"

"Ndiyo," nikasema. "Darasa la nne. Hao ndio waliouwekea uzio."

"Na kitabu chako?"

Nilisikia uchungu kidogo wa kile kitabu, sikatai. "Nitakiandika bila wewe. Tena maelezo yako nimekwisha kuyatoa. Nimeyatoa ofisi ya mambo ya kale."

Hapo ndipo macho yake yalipokwenda mlangoni. Shukuru alikuwa ameshausimamia, nyundo mkononi, akipiga mluzi. "Bosi, kaa tu," alisema kwa upole. "Wenyewe wanamalizia supu."

Wameingia. Hakukuwa na fujo. Abdulmalik aliomba kuchukua kamera yake, Angelina akamwambia kamera nayo inabaki. Alipopita mbele yangu alisema, "Nilikuwa msomaji wako bora." Inawezekana kweli.

7 Mei

Nimempigia Beno. Hapokei. Nimemtumia picha ya sanduku na maneno haya: "Mwalimu, njia niliitoa mimi. Mfupa umepatikana."

9 Mei

Jibu: "Nakuja na kipande changu."

15 Mei

Mwalimu Beno ni mfupi! Sauti yake ya simu ilinidanganya. Ameshuka basi na mfuko wa saruji uliofungwa kamba, hataki mtu ambebee. "Shikamoo, Mwalimu," nikasema, ingawa huenda tunalingana umri. "Marahaba," akasema. Basi, hilo tu.

Tukaenda kwa Angelina, pamoja na Shukuru. Vipande vitatu vilikuwa juu ya meza ndefu. Beno alifungua mfuko, akatoa kile cha nne, akakigeuza mikononi kama mtu anayetafuta upande wa mto wa kulalia. Kisha akakisogeza.

Kiliingia. Hakikugonga, hakikusuguana, kiliingia tu, na mstari wa mpasuko ukapotea. Shukuru alisema "Duh" kwa sauti ya chini kama mtu aliye msikitini. Angelina aliinama kuandika, lakini niliona hakuandika kitu.

Beno akaweka kiganja juu ya mfupa. "Watoto wananiuliza utarudi lini."

"Kesi kwanza," Angelina akasema. "Lakini mvua ikikatika tunakuja kuchimba kilichobaki, na tutahitaji watu wanaolijua korongo. Wa kulipwa, Mwalimu, na mlinzi wa kijijini kwenu."

Nje, Beno alinisemesha kwa mara ya kwanza bila mtu kati yetu. "Nimekasirika sana na wewe."

"Najua."

"Bado sijamaliza."

"Sawa."

"Lakini Angelina amenieleza: ungeweza kuandika yale maelezo ya forodha, usingejulikana." Akatazama barabara, malori, watu waliobeba majora vichwani. "Hii ndiyo Kariakoo? Mnapumulia wapi?"

Nikampeleka kula. Alikula sahani mbili za pilau, akaniachia nilipe.

20 Mei

Nimeandika yote kwenye kundi, kuanzia njia panda mpaka godauni. Wengine wamenisema, wengine wamenisifu. Shukuru amerudi. Nimemwomba Beno arudi, naye ametoa sharti: Duru isiwe yangu peke yangu. Izunguke, kila mwezi iandaliwe na mtu mwingine, na mwezi huu aiandae yeye. Mimi nitume makala kama mtu yeyote.

Nimezunguka duka zima nikinung'unika. Nani atapanga vizuri kama mimi? Nani atajua makala ipi ianze? Mzee Hamood akaniambia kama nataka kupiga mbio nikapige nje.

Nimekubali.

27 Mei

Nimetuma makala yangu kwa Beno. Kurasa saba. Ni nzuri mno.

31 Mei

Jua. Wenye mabelo wameshusha mitumba chini, mtaa unanuka nguo zinazokauka.

Duru imetoka mchana, kutoka juu ya kichuguu. Nimeisoma nimesimama kauntani. Ameanza na Shukuru na kuta zake za bahari, kisha binti mmoja wa Mbeya nisiyemjua, anayeandika juu ya mbegu zilizogeuka mawe, na anaandika vizuri kiasi cha kunitia wivu. Ningemwona mimi? Sidhani. Makala yangu ni ya nne. Chini yake, pale ambapo mimi ningejaza aya nzima ya sifa, Mwalimu ameweka maneno haya tu:

"Anifa alimwelekeza mtu njia ya kwetu. Kisha alikwenda mwenyewe kuurudisha mfupa. Ameandika yote mawili."

Nilitaka kukasirika. Nimesoma tena, nikitafuta neno la kuongeza, kisha neno la kupunguza. Sikuona.

"Dada," mteja akaniita, mama mwenye gauni la harusi mkononi, "nimesimama hapa muda mrefu."

"Samahani, mama," nikamwambia. "Nakuja sasa hivi. Kuna kitu nasoma."